Natafuta mpelelezi wa kibinafsi amsake mdaiwa aliyehama Kisumu. Nimchague vipi?

Mama Leso (Mombasa)

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote.

Nina duka la leso hapa Mombasa, karibu na Biashara Street, duka aliloniachia marehemu mamangu. Wateja wangu wakubwa ni wa bara. Wanachukua kwa korija, nawafungia mizigo, naipakia basi la usiku, na wengi wao nawapa mali kauli, wauze kwanza ndipo walipe. Ndivyo biashara hii inavyokwenda. Ukikataa mali kauli, mteja anahamia duka la pili.

Mmoja wao alikuwa na duka Kisumu, upande wa soko la Jubilee. Nimefanya naye kazi miaka mingi na alikuwa mlipaji. Kabla ya Ramadhani alichukua mzigo mkubwa kuliko kawaida yake, na ule wa nyuma alikuwa hajaumaliza. Kwa jumla namdai shilingi 740,000. Ninalo daftari alilotia sahihi, picha ya kitambulisho chake, na ujumbe wa WhatsApp anaokiri deni na kuomba nimsubiri mpaka baada ya Idi. Idi ilipopita, simu moja ikazimwa. Ya pili inaita tu haipokewi, ila nikimwandikia WhatsApp tiki mbili zinaonekana. Mpwa wangu anasoma Maseno, nikamtuma aende mpaka dukani. Alikuta mlango umepakwa rangi mpya na ndani kuna muuza viatu. Jirani mmoja anasema jamaa kahamia Busia, mwengine anasema yuko Bungoma kwa wakwe zake.

Nimeamua kutafuta mpelelezi wa kibinafsi, na nimeshazungumza na wawili. Wa kwanza nilimpata Facebook, yuko Nairobi. Anasema nimpe namba za simu tu, na baada ya siku tatu ataniletea rekodi zote za simu za huyu mtu, M-Pesa zake, na mahali alipo kwenye ramani. Anataka 60,000, zote mbele. Wa pili ni afisa wa polisi mstaafu, yuko hapa hapa Mombasa. Yeye anataka kulipwa kwa siku na hakuniahidi chochote. Aliniuliza maswali tu, mengi. Mume wangu anaona afadhali yule wa Nairobi kwa sababu anazungumza kwa uhakika.

Wenye ujuzi naomba mnisaidie. Mpelelezi wa kweli nitamjuaje? Bei ya haki ni kama ngapi? Na tunaandikiana nini? Pesa hizi si zangu peke yangu. Nusu ya mzigo ule niliuchukua kwa muagizaji, na yeye ananidai mimi.

Kijana wa Umoja (Nairobi)

Dada, tafadhali usitume hiyo 60,000.

Binamu yangu alimlipa mtu wa namna hiyo hapa Nairobi. Aliletewa karatasi zilizojaa namba za simu, saa na dakika, zimepigwa chapa vizuri. Tukazipiga namba chache: moja ni ya fundi wa friji Thika, nyengine haipo kabisa. Kisha akaambiwa aongeze pesa za "mtu wa ndani". Alipokataa, yule mpelelezi akamtishia kwamba atampigia mtu aliyekuwa akichunguzwa amwambie nani amemtuma. Ikabidi alipe tena ili anyamaziwe. Huyo wako wa Facebook tayari ana jina lako, namba yako, na siri yako. Fikiria hilo kabla ya kumpa na pesa.

Karani wa Makadara (Mombasa)

Wa aleikum salaam dadangu.

Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa Mombasa. Kazi yangu ni hati: kuzifungua kortini, kumkabidhi mpelekaji, kuhakikisha kiapo chake cha kuzifikisha kimerudi. Wapelelezi wa kibinafsi wanaotumiwa na mawakili wetu nawatafuta mimi, na ripoti zao hupita mezani kwangu kabla wakili hajaziona. Nitakueleza kwa marefu, kwa sababu jambo hili naliona likiwaumiza watu wenye haki zao.

Nenda na mstaafu, au na mtu wa aina yake. Mpelelezi anayejua kazi huuliza sana kabla ya kutaja bei.

Nianze na huyu wa Nairobi, maana kwake unaweza kupoteza zaidi ya hizo 60,000. Rekodi za simu na za M-Pesa ni siri ya mteja. Njia halali ya kuzitoa kwa kampuni ni amri ya korti, na kwa kawaida anayeiomba ni polisi mwenye faili la uchunguzi. Mtu baki akikwambia atakuletea kwa siku tatu, basi ama anakudanganya, kama alivyofanyiwa binamu wa huyu ndugu hapo juu, ama kweli ana mtu wa kuziiba. Hilo la pili ndilo linaloniogopesha. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2018 inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini kwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Ipo na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Na kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, mdaiwa wako akiwemo. Aliyeagiza ni wewe, aliyelipa ni wewe, na malipo yana jina lako. Nimemwona mtu mwenye deni la kweli, lenye sahihi na mashahidi, akikubali kulipwa nusu kwa sababu upande wa pili ulikuwa umeshika karatasi alizozinunua kwa mlango wa nyuma. Iliniuma sana.

Sasa jiulize: ukishajua alipo, utafanya nini?

Deni lako ni 740,000. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka shauri limalizike ndani ya siku 60 tangu lilipofunguliwa. Ushahidi wa deni unao: daftari, kitambulisho, ujumbe wa kukiri. Usimlipe mtu akakutafutie kitu kilichomo kwenye droo yako. Tena fungua hiyo droo utafute na stakabadhi za mizigo ya basi. Mara nyingi aliyepokea mzigo huandikwa jina na namba ya kitambulisho, na si lazima awe ni yeye kila safari. Hao waliokuwa wakimpokelea ndio watu wa kwanza wa kuulizwa, na mpelelezi mzuri ataanzia hapo.

Kumfikishia hati nako kumekuwa rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tangu mwaka 2020 kanuni za kesi za madai zinaruhusu wito kupelekwa kwa barua pepe, na hata kwa programu za ujumbe kama WhatsApp, kwenye namba ya mwisho inayojulikana kuwa anaitumia. Umesema tiki mbili bado zinaonekana. Dadangu, mazungumzo hayo yalinde. Usimfungie, usimtukane, usimtishie, na usibadilishe simu kabla hujayahifadhi. Hata njia hiyo ikishindikana, korti inaweza kuombwa iruhusu njia mbadala kama tangazo la gazetini.

Basi mpelelezi wa nini? Wa mali. Hapa ndipo pesa yako ina kazi. Ukishapata hukumu, anayekwenda kukamata vitu ni dalali wa korti, na dalali hapandi basi kwenda Busia kubahatisha. Anataka kuambiwa duka liko wapi, lina bidhaa gani, ni la nani, na gari ni namba ngapi. Kumtafuta mtu na kutafuta mali yake ni kazi mbili mbalimbali, zenye bei mbalimbali. Mwambie mstaafu unataka kujua huyu mtu anafanyia biashara wapi sasa, biashara hiyo imeandikishwa kwa jina la nani, na ana kitu gani kinachokamatika. Zaidi ya hapo, anakula na nani na analala wapi, usimlipie mtu hata siku moja.

Nikuonyeshe kazi halali inavyofanywa, bila kutaja majina. Tulikuwa tukimtafuta mfanyabiashara wa mbao aliyehamia Nakuru. Mpelelezi aliingia kwenye yadi mchana, akanunua mbao, akadai risiti. Leseni ya biashara ya kaunti hutakiwa kubandikwa mahali panapoonekana. Wakati akisubiri risiti akaisoma ukutani na kunakili jina na namba. Lilikuwa jina la biashara tu, si kampuni. Ofisini tukalipia upekuzi wa jina hilo kwenye sajili ya biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mwenye jina akawa ni yeye mdaiwa wetu. Lori lililokuwa likishusha mzigo alilinukuu namba, tukaiulizia NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwa njia ya kawaida. Ingekuwa kampuni, tungelipia CR12, hati ya sajili ya kampuni, tuone wakurugenzi na wenye hisa, na mambo yangekuwa magumu zaidi, kwa sababu mali ya kampuni si mali ya mkurugenzi wake. Ardhi nayo ina ugumu wake: upekuzi wa ardhi hufanywa kwa namba ya kiwanja, haufanywi kwa jina la mtu. Anayekuahidi "mashamba yake yote" kwa kumpa jina tu, muulize atayapata kwa njia gani, usikilize jibu.

Ripoti aliyotuletea naikumbuka mpaka leo. Kila mstari una tarehe, saa, mahali, na aliyeona ni nani. "Saa 2:40 asubuhi. Mlango wa mabati wa kijani uko wazi. Lori linashusha mbao, watu watatu wanapokea. Picha ya nne." Picha alizileta kwenye kadi ya kamera kama zilivyopigwa. Hakutuma kwa WhatsApp, kwa sababu WhatsApp huzibana picha na kuziondolea tarehe na saa zilizofichwa ndani yake. Akatia sahihi na kile cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa gani kilitumika na nani alikuwa akikisimamia. Cheti kisipokuwepo, wakili wa upande wa pili ataomba picha zikataliwe, na huenda akakubaliwa. Niliwahi kuletewa ripoti nyengine inayosema, "Mhusika alionekana maeneo ya mjini akiwa na watu wasiojulikana." Ile nayo ililipiwa, na haikumsaidia mteja kwa lolote.

Kumhakiki mtu mwenyewe: Sheria namba 13 ya mwaka 2016, ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi, haiwahusu walinzi wa getini peke yao. Inawataja na wapelelezi wa kibinafsi, nao wanatakiwa kuandikishwa na mamlaka ya sheria hiyo, PSRA. Muombe namba yake ya usajili, kisha uiulizie PSRA wewe mwenyewe, usitosheke na nakala. Muombe na cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kiwe cha karibuni, maana neno "mstaafu" halielezi mtu aliondoka vipi kazini. Halafu muulize kama amewahi kupanda kizimbani kueleza alichokiona, na ni wakili gani aliyemwita. Mpigie wakili huyo. Mimi swali hili nalitegemea kuliko yote. Aliyewahi kuhojiwa na wakili wa upande wa pili huandika ripoti kwa namna nyengine kabisa, na hathubutu kugusa kitu ambacho hataki kuja kuulizwa.

Makubaliano yawe ya karatasi, na sahihi zenu wote wawili. Yaseme anatafuta nini na katika miji gani, kwa siku zisizozidi ngapi, kwa kiasi gani kwa siku. Nauli na malazi alipwe kwa risiti. Wekeni kikomo cha gharama zote, asikipite bila idhini yako ya maandishi. Umpe malipo ya mwanzo, si yote. Na yaandikwe wazi yale asiyoruhusiwa: kujifanya polisi au mtu wa stima, kuingia nyumbani kwa mtu, kugusa simu au akaunti yake, kutega kifaa cha kufuatilia kwenye gari lake. Yaseme kwamba akiitwa kortini atakuja, na siku hiyo atalipwa nini. Kazi ikiisha akukabidhi kila kitu, asibaki na picha wala nakala za karatasi zako.

Jambo moja watu hulikosa: alipwe kwa kazi aliyofanya hata kama hakumpata. Najua inauma kulipia "hayupo". Lakini anayelipwa tu akileta jibu, atakuletea jibu hata kama hana.

Bei siwezi kukupa moja, kila kazi ina urefu wake. Ile ya Nakuru ilitugharimu 42,000, nauli na kulala ndani yake. Busia ni mbali zaidi na Mombasa, kwa hiyo muulize mstaafu kama ana mwenzake wa kule aliyesajiliwa, asilazimike kusafiri yeye.

Mzee wa Nambale (Busia)

Karani amesema kweli tupu. Mimi kazi hii niliifanya kabla ya kurudi shambani, na niko huku huku Busia, kwa hiyo naongeza la huku.

Mama, muuza leso akihama mji, biashara yake huhama nayo. Leso haiuzwi gizani. Itatundikwa mlangoni watu waione, waisome maneno yake, waishike. Na leso haioti Busia. Atachukua mzigo kwa mtu, na kama hachukui tena kwako basi huenda anachukua kwa mwenzako hapo hapo mtaani kwenu, ambaye hajui kuwa anadaiwa. Kabla hujalipa mtu yeyote, waulize wenzako wawili watatu unaowaamini kama wana mteja mpya wa upande wa Busia au Bungoma. Uliza kwa utulivu na usimwite mwizi mbele za watu, maana maneno hayo yanaweza kukuletea kesi. Swali hilo halina gharama, na limewahi kunipa watu haraka kuliko kuzunguka mji mzima na picha.

Pili, huku kuna Busia mbili. Ya Kenya na ya Uganda zimetenganishwa na mpaka tu, na wafanyabiashara wanavuka asubuhi na kurudi jioni. Mpelelezi wa Kenya usajili wake unaishia mpakani. Duka likiwa upande wa Uganda, na hukumu yako ya Kenya itahitaji hatua nyengine kabla dalali hajagusa kitu. Kwa hiyo la kwanza la kuambiwa ni duka liko upande gani, na liandikwe kwenye makubaliano kwamba akigundua mtu kavuka, asimame akuarifu kwanza, asiendelee kula siku zako.

La tatu, usije mwenyewe na vijana. Nimewaona akina mama waliokuja hivyo wakaishia kituoni wao, na mdaiwa amekaa upande wa walalamikaji.

Dada wa Mtaa wa Congo (Kariakoo, Dar es Salaam)

Pole sana dada yangu. Sisi wa vitenge na khanga huku Kariakoo maumivu hayo tunayajua.

Nchi zetu sheria zinatofautiana kidogo, ila njia ni ile ile. Huku nasi tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo yule anayeuza rekodi za simu na huku ni balaa tupu. Mimi mshirika wangu alipotoweka na mtaji, wakili ndiye aliyemwajiri mpelelezi, siyo mimi. Ripoti ilikwenda kwa wakili, malipo yalipitia kwa wakili, na mpelelezi alipotaka kuongeza siku alijibizana na mtu anayejua kazi. Gharama iliongezeka kidogo lakini usiku nililala. Na mshirika wangu alipatikana kwa njia ya kawaida kabisa: mwenyekiti wa serikali ya mtaa alikohamia alikuwa amemwandikia barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti, na mpelelezi alijua kwamba mtu mgeni mwenye biashara lazima apite kwa mwenyekiti.

Mpe mpelelezi nakala, dada, siyo daftari lenyewe. Daftari lisitoke mkononi mwako mpaka kortini.

Mama Leso (Mombasa)

Nawashukuru nyote, Mungu awalipe. Mume wangu nimemsomea yote na amekubali, yule wa Nairobi tumemwambia hatutaendelea naye.

Mzee wa Nambale, nilifanya ulivyosema. Nilimuuliza jirani yangu tunayeuziana naye leso tangu enzi za mamangu. Anaye mteja mpya wa Busia, mwanamke, anaagiza kwa simu na kulipa nusu nusu. Nilipotajiwa jina nikashtuka, kwa sababu ni jina la mke wa mdaiwa wangu. Mzigo wake wa mwisho ulikwenda na basi lile lile ninalolitumia mimi.

Mstaafu nimemuita tena. Alinipa namba ya usajili bila kinyongo na jina la wakili aliyemtumia kama shahidi, wakili amemsifu. Ana mwenzake Busia.

Mzee wangu Karani, sasa nina maswali mawili. Ikiwa duka ni la jina la mke, si nimeshakwama? Na nifanye haraka kiasi gani? Yule wa Nairobi alikuwa akinipigia kila siku akisema nikichelewa mpaka Ijumaa mtu atavuka mpaka na deni litakufa.

Karani wa Makadara (Mombasa)

Deni halifi Ijumaa, dadangu. Madai ya mkataba yana miaka 6 ya kufunguliwa chini ya sheria ya ukomo. Haraka iliyopo ni ya mali, kwamba asije akaihamisha, na hiyo ni sababu ya kufungua shauri wiki hii, si ya kumlipa mtu wa Facebook.

Kuhusu mke hujakwama, ila kazi imebadilika, na ni vizuri umejua sasa kabla mstaafu hajaanza kuhesabu siku. Dalali akikamata bidhaa za duka hilo, mke ana haki ya kwenda kortini kupinga aseme ni zake, na korti itataka kujua ukweli. Kwa hiyo swali la mpelelezi lisiwe "duka liko wapi" peke yake. Liwe "nani analiendesha". Nani hufungua asubuhi na kufunga jioni, nani hupokea mizigo kwenye ofisi ya basi, nani hupanga bei na wateja, leseni ya ukutani ina jina gani. Aende siku tofauti, siku ya soko na siku isiyo ya soko, aandike saa kila mara.

Na anunue leso. Kweli, doti moja tu, na alipe kwa Lipa na M-Pesa ya dukani. Ujumbe wa kuthibitisha malipo huja na jina lililosajiliwa kwa namba ile. Likiwa ni jina la mdaiwa, au la ile biashara yake ya Kisumu, umepata karatasi ambayo hakuna aliyeiiba. Ni risiti ya mnunuzi. Risiti ya mkono aidai vilevile aone mwandiko na sahihi, kisha wewe uilinganishe na daftari lako. Gharama ya doti iandikwe kwenye hesabu yake kama matumizi mengine.

Hukumu ikishatoka na bado akasema hana kitu, korti inaweza kumuita aulizwe kwa kiapo kuhusu mali yake na vitabu vyake. Siku hiyo ripoti ya yule mwenzake wa mstaafu itakaa mezani mbele yake, na atajibu akijua mmeona nini. Ndiyo maana nasema ripoti iwe na saa na tarehe.

Muagizaji anayekudai mwonyeshe namba ya shauri ukishalifungua. Wengi wao hutulia wakiona kitu kimeanza kusogea.

Usimwambie jirani yako azuie mzigo wa Busia, wala asimuulize yule mwanamke chochote. Amuuzie kama kawaida mpaka mpelelezi amalize. Mfano wa barua ya makubaliano nitakutumia kwa ujumbe wa faragha leo jioni nikitoka kazini; utaujaza miji na kiasi, mstaafu atie sahihi, na nakala moja ibaki kwako. Jina la mdaiwa wala la mkewe usiliandike hapa jukwaani.